Manjano, Kundi la Pili

Saa kumi na moja alfajiri nafungua maabara,
mvua ya Thrissur bado inapiga mabati,
na panya arobaini wananigeukia.
Nawajua kwa mikia: alama moja ya wino, mbili, tatu.
Miaka tisa nawalisha, mimi Thankamani binti Kuttappan,
na mshahara wangu unaijua njia ya duka la dawa
kuliko njia ya nyumbani.

Leo ni siku ya sindano.
Dawa ya kuwaumiza, niliambiwa,
asili yake ni ngozi ya chura wa nchi za mbali.
Sindano kila saa, mara saba,
na kongosho linaumuka kama donge la unga
lililosahauliwa usiku kucha.

Tezi hiyo, Velu, haina makuu.
Imejilaza nyuma ya tumbo, laini kama ulimi wa ndama,
inatengeneza maji ya kusagia chakula,
na maji hayo yana adabu:
hayaamki mpaka yafike utumboni.
Siku yakiamkia nyumbani
yanamla mwenye nyumba.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakufikiria nguo yenyewe kuota meno.

Kundi la kwanza, mafuta matupu.
Kundi la pili, mafuta na kiini cha manjano.
Nani ni nani, sijui.
Chupa zina herufi tu,
na siri ya herufi anayo Daktari Bindulekha
kwenye droo, chini ya picha ya mwanawe.

Jumanne nilificha chupa moja kwenye pindo la sari
nikaja nayo wodi namba nane.
Ulikuwa umejikunja kama kulabu, mrija puani.
Nilipotaja manjano ulifumbua jicho moja,
ukasema kwa sauti ya mtu anayelipia kila neno:
"Dada, manjano nimekula tangu meno ya utoto.
Kwenye samaki. Kwenye dengu.
Mama aliyapaka hata kwenye kidonda cha goti.
Siku ile yalikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Daktari analo:
utumbo huyaacha yapite,
ini huyatimua kabla hayajavua viatu.
Kijiko cha jikoni si dawa ya maabara, na panya si mtu.
Neno "huenda" ameliandika mara kumi na moja kwenye ripoti;
nilihesabu nikipanguza meza.

Zamani, unakumbuka, walisema ni muhogo.
Mama akaacha kuupika, akang'oa mashina yote nyuma ya jiko.
Baadaye wakasema si muhogo,
au si muhogo peke yake.
Hakuna aliyerudi kuuomba radhi.

Usiku ule chupa ililala chini ya mto wangu.
Huenda ni mafuta.
Huenda ni wewe, umekaa, unalalamikia chumvi.
Kulipokucha niliirudisha, herufi D,
ikakaa mahali pake na joto la mwili wangu.

Leo daktari ameniachia darubini.
Kioo cha kwanza: zambarau imepasuka,
chembe zimetawanyika kama soko lililovamiwa.
Cha pili: mitaa bado ipo,
nyumba kwa nyumba, milango imefungwa vizuri.
"Hiki ni cha kundi gani?"
"Herufi bado hatujazifungua," akasema,
lakini alikirudia kile cha pili mara tatu,
na chai yake ikapoa.

Jioni umekunywa vijiko vitatu vya uji wa mchele.
Cha nne ukakisimamisha hewani, ukauliza,
"Yule wako namba thelathini na moja,
yule mchoyo, amekula?"

Sikukwambia vile vipande vya kwenye kioo
hukatwa kwa nani.
Nikasema amekula.
Nikakipuliza kijiko.